Katiba ya Msumbiji: nani ana mamlaka gani, na wewe uende kwa nani

Umerudi Pundanhar ukakuta mtu mwingine analima shamba lako. Ndugu yako amekamatwa na hujui yuko wapi. Mtoto wako alizaliwa ng'ambo ya Mto Ruvuma wakati mlipokuwa mmekimbia, na sasa hana hati. Katika hali zote hizi swali la kwanza ni lilelile: niende kwa nani?

Jibu linaanzia katika Katiba ya Jamhuri ya Msumbiji. Katiba ndiyo sheria kuu ya nchi. Inasema ofisi zipi zipo, nani anaziongoza, kila moja inaruhusiwa kufanya nini, na inawajibika kwa nani. Hakuna sheria, amri wala kiongozi aliye juu yake. Ukijua mpangilio huo, hutapoteza siku nzima na nauli kwenda kwa mtu asiye na uwezo wa kuamua jambo lako, na hutamwogopa mtu anayedai mamlaka ambayo hana.

Makala hii inaeleza mpangilio huo kwa lugha rahisi, kuanzia Maputo mpaka kwenye posto yetu. Inawahusu wenyeji, waliohama makwao kwa sababu ya mashambulizi, waliorudi, na wakimbizi kutoka nchi nyingine. Majina ya Kireno tumeyaacha pale yanapokusaidia, kwa sababu Kireno ndiyo lugha rasmi na ndiyo utakayoikuta imeandikwa mlangoni.

Katiba hii ilitoka wapi?

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Katiba ya kwanza ilianza kutumika siku hiyohiyo. Wakati huo nchi ilikuwa na chama kimoja tu, FRELIMO. Katiba ya pili, ya mwaka 1990, ilifungua mlango kwa vyama vingi.

Katiba tunayoitumia sasa ilipitishwa na Bunge mwezi Novemba 2004 na ikaanza kufanya kazi Januari 2005. Imerekebishwa mara kadhaa. Marekebisho ya mwaka 2018 yalitokana na mazungumzo kati ya Rais Filipe Nyusi na kiongozi wa RENAMO, Afonso Dhlakama, nayo yalibadilisha jinsi mikoa na wilaya zinavyoongozwa. Marekebisho ya mwaka 2023 yaligusa uchaguzi wa wilaya. Yote mawili yanatuhusu moja kwa moja, na tutayaeleza hapa chini.

Kubadilisha Katiba si jambo la mtu mmoja. Pendekezo linatoka kwa Rais au kwa theluthi moja ya wabunge, na linapita tu likiungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge. Kwa kawaida ni lazima ipite miaka 5 tangu marekebisho yaliyotangulia.

Vyombo vikuu vitano

Katika nchi nyingi watu hufundishwa kwamba dola ina mihimili mitatu: serikali, bunge na mahakama. Katiba ya Msumbiji inataja vyombo vitano:

1. Rais wa Jamhuri
2. Bunge la Jamhuri (Assembleia da República)
3. Serikali, yaani Baraza la Mawaziri
4. Mahakama
5. Baraza la Katiba (Conselho Constitucional)

Katiba inasema vyombo hivi vimetenganishwa na vinategemeana. Maana yake ni kwamba kila kimoja kina kazi yake, na kila kimoja kinamwangalia mwenzake. Waziri hawezi kumwamuru hakimu atoe hukumu gani, na hakimu hawezi kutunga sheria.

Rais wa Jamhuri

Rais ni Mkuu wa Nchi, ni Mkuu wa Serikali na ni Amiri Jeshi Mkuu. Anachaguliwa moja kwa moja na wananchi kwa miaka 5. Ili ashinde anahitaji zaidi ya nusu ya kura halali. Asipopatikana mshindi wa namna hiyo, wawili walioongoza wanaingia duru ya pili. Mgombea anatakiwa awe Mmsumbiji wa asili asiye na uraia mwingine, mwenye umri wa miaka 35 au zaidi, na aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 10,000.

Rais anaweza kuchaguliwa mara mbili mfululizo, si zaidi. Ndiyo maana Armando Guebuza aliondoka mwaka 2015 na Filipe Nyusi mwaka 2025. Rais wa sasa, Daniel Chapo, aliapishwa tarehe 15 Januari 2025.

Rais anateua Waziri Mkuu, mawaziri, Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Jamhuri, viongozi wa juu wa jeshi na polisi, na Katibu wa Dola katika kila mkoa. Mamlaka haya ni makubwa, lakini yana mipaka. Anapomteua Rais wa Mahakama Kuu ya nchi (Tribunal Supremo), kwa mfano, Bunge ni lazima liridhie.

Bunge la Jamhuri

Bunge lina wabunge 250 wanaochaguliwa kwa miaka 5. Hapa Msumbiji humpigii kura mbunge mmoja wa jimbo lako, kama wanavyofanya jirani zetu Tanzania. Unakipigia kura chama, na kila chama kina orodha ya wagombea wa mkoa. Viti vinagawanywa kulingana na kura ambazo kila chama kimepata katika mkoa huo. Kwa hiyo Pundanhar haina mbunge wake peke yake. Wabunge wote wa Cabo Delgado ni wabunge wako, wa chama chochote, na una haki ya kumwendea yeyote kati yao.

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Oktoba 2024, FRELIMO ilipata viti 171, PODEMOS 43, RENAMO 28 na MDM 8.

Bunge linatunga sheria, linapitisha bajeti ya nchi na kuisimamia Serikali. Sheria ikishapitishwa inapelekwa kwa Rais, ambaye ana siku 30 za kuisaini na kuitangaza. Asipokubaliana nayo anaweza kuirudisha bungeni na kueleza sababu zake. Bunge likiipitisha tena kwa theluthi mbili, Rais analazimika kuitangaza.

Wanaosikiliza redio za Tanzania wazingatie tofauti nyingine. Kule waziri ni lazima awe mbunge. Hapa ni kinyume chake: mtu hawezi kuwa waziri huku anafanya kazi ya ubunge. Akiteuliwa kuwa waziri, anakiacha kiti chake kwa muda wote atakaokuwa serikalini.

Serikali

Serikali ni Baraza la Mawaziri, na Rais ndiye mwenyekiti wake. Waziri Mkuu anamsaidia Rais kuliongoza na anaisemea Serikali bungeni. Tangu Januari 2025 Waziri Mkuu ni Maria Benvinda Levi.

Serikali ndiyo yenye polisi, shule, hospitali, ofisi za usajili na taasisi ya maafa (INGD), ambayo watu wengi waliohama wanaijua kwa sababu ya orodha za msaada. Mwaka 2021 Baraza la Mawaziri lilipitisha sera ya taifa kuhusu watu waliohama makwao ndani ya nchi. Ni vizuri ulijue hili: mashirika ya misaada yanasaidia, lakini mwenye wajibu wa kwanza kwa raia aliyehama ni Serikali.

Mahakama

Hakimu anawajibika kwa sheria tu, wala haondolewi kazini kwa sababu hukumu yake imemchukiza mkubwa fulani. Juu kabisa ipo Mahakama Kuu ya nchi, na chini yake zipo mahakama za mikoa na za wilaya. Ipo pia Mahakama ya Utawala (Tribunal Administrativo), inayoamua malalamiko dhidi ya maamuzi ya ofisi za umma na kukagua matumizi ya fedha za dola.

Vijijini zipo mahakama za jamii, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hizi zinapatanisha watu katika mambo madogo ya kifamilia na ya ujirani. Haziwezi kumfunga mtu jela. Mauaji, ubakaji na utekaji ni mambo ya polisi, mwendesha mashtaka na hakimu. Mtu akikwambia kesi ya ubakaji imalizwe kwa kulipana mbuzi, anakunyima haki ambayo sheria imekupa.

Katiba inasema mtu asinyimwe haki mahakamani kwa sababu hana fedha. Serikali ina taasisi ya kutoa msaada wa kisheria bure kwa wasio na uwezo, inayoitwa IPAJ. Na kama hujui Kireno, katika kesi ya jinai una haki ya kupata mkalimani.

Baraza la Katiba: wakati raia 2,000 walipokwenda kuuliza

Baraza la Katiba lina majaji 7. Mmoja, ambaye ndiye mwenyekiti, anateuliwa na Rais na kuridhiwa na Bunge. Watano wanateuliwa na Bunge kulingana na uwiano wa vyama. Mmoja anateuliwa na Baraza Kuu la Mahakimu. Kazi yao ni kuamua kama sheria au kitendo cha dola kinakwenda kinyume na Katiba. Baraza hili ndilo pia linalothibitisha na kutangaza matokeo ya mwisho ya uchaguzi wa taifa. Matokeo ya mwaka 2024 lilitangaza tarehe 23 Desemba 2024, na uamuzi wake hauna rufaa.

Rais, Waziri Mkuu na theluthi moja ya wabunge ni miongoni mwa wanaoweza kulifikia Baraza hili. Lakini Katiba inataja na kundi jingine: raia wasiopungua 2,000 wakiungana.

Je, raia wa kawaida wamewahi kuitumia haki hiyo? Ndiyo. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu, EMATUM, ProIndicus na MAM, zilikopa jumla ya zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani. Fedha hizo zilisemekana kuwa ni za kuvua jodari, kulinda pwani na kutengeneza meli. Serikali ilizidhamini kampuni hizo bila idhini ya Bunge, wakati Katiba inasema ni Bunge linaloweka mipaka ya mikopo na dhamana za dola. Habari zilipojulikana kikamilifu mwaka 2016, wafadhili walisimamisha misaada kwenye bajeti, na maisha yakawa magumu nchi nzima.

Asasi za kiraia zinazofuatilia bajeti zilikusanya saini za raia 2,000 na kwenda Baraza la Katiba. Tarehe 3 Juni 2019 Baraza lilitamka kwamba mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili. Mei 2020 likasema hivyohivyo kuhusu ProIndicus na MAM. Uamuzi huo haukurudisha fedha zote, lakini uliandika wazi kwamba Serikali haiwezi kuifunga nchi kwa deni bila Bunge. Walioufikisha swali hilo kwa majaji ni watu wasio na cheo chochote, waliotia saini zao.

Walinzi wengine wa haki yako

Ofisi ya Mwendesha Mashtaka (Ministério Público, au Procuradoria) haifanyi kazi ya kushtaki tu. Katiba inaipa pia jukumu la kusimamia uhalali na muda wa watu kukaa mahabusu, na la kuwatetea watoto, watu wasiokuwepo na wasioweza kujitetea.

Provedor de Justiça ni mtetezi wa raia mbele ya ofisi za umma. Anachaguliwa na Bunge kwa theluthi mbili ya kura. Hawezi kufuta uamuzi wa ofisi, lakini anaweza kuchunguza, kutoa pendekezo, na kulifikisha suala bungeni likipuuzwa. Huhitaji wakili ili kumwandikia.

Kisha kuna haki ya kuwasilisha ombi (petição). Kifungu cha 79 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuandika ombi au lalamiko kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake. Bungeni iko kamati maalumu ya kupokea maombi hayo.

Kutoka Pemba mpaka Pundanhar: nani amechaguliwa, nani ameteuliwa?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo soma polepole.

Mkoa wa Cabo Delgado una viongozi wawili wa ngazi ya juu, na wote wawili wako Pemba.

Wa kwanza ni Gavana. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2019 gavana anatokana na kura. Anayeongoza orodha ya chama kilichoshinda viti vya Baraza la Mkoa (Assembleia Provincial) ndiye anayekuwa gavana. Kwa njia hiyo Valige Tauabo alishika nafasi hiyo mwaka 2020, na akaipata tena baada ya uchaguzi wa 2024. Gavana anashughulika na mambo kama kilimo, uvuvi, elimu ya msingi, afya ya msingi, maji na barabara za ndani ya mkoa. Baraza la Mkoa linamsimamia na linaweza kumwondoa.

Wa pili ni Katibu wa Dola katika Mkoa (Secretário de Estado). Huyu hachaguliwi. Anateuliwa na Rais na anaiwakilisha serikali kuu. Ulinzi, usalama, mipaka, madini na gesi ni mambo ya serikali kuu. Kwa hiyo ukiwa na swali kuhusu gesi ya Afungi au vizuizi vya barabarani, gavana uliyempigia kura anaweza kukusikiliza na kukusemea, lakini uamuzi hauko mkononi mwake.

Wilaya ya Palma inaongozwa na Administrador, naye anateuliwa na serikali kuu. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliahidi kwamba kuanzia 2024 kila wilaya ingechagua baraza lake, na administrador angetokana na uchaguzi huo. Mwezi Agosti 2023 Bunge liliirekebisha Katiba tena na kuiondoa tarehe hiyo. Sasa Katiba inasema uchaguzi wa wilaya utafanyika pale mazingira yatakaporuhusu.

Chini ya wilaya ziko posto nne: Palma, Olumbe, Quionga na Pundanhar. Mkuu wa posto (chefe do posto) anateuliwa, na mkuu wa lokalidade chini yake pia anateuliwa. Na kwa kuwa Pundanhar si manispaa, hatuna meya wala diwani wa kuchaguliwa.

Ukijumlisha yote haya utaona picha moja. Viongozi uliowapigia kura wako Pemba na Maputo. Viongozi unaokutana nao kila siku hapa Pundanhar wameteuliwa kutoka juu. Hiyo haimaanishi kwamba hawawajibiki kwako. Inamaanisha tu kwamba njia ya kuwawajibisha ni nyingine. Kiongozi wa kuchaguliwa unamsubiri kwenye sanduku la kura. Kiongozi wa kuteuliwa unamfikia kwa maandishi: lalamiko kwa aliye juu yake, ombi kwa wabunge wa mkoa, barua kwa Provedor, au kesi katika Mahakama ya Utawala. Ndiyo maana kila unapopeleka jambo ofisini ni muhimu kuandika na kubaki na nakala iliyogongwa mhuri na kuwekwa tarehe. Neno la mdomo halina ushahidi.

Machifu na viongozi wa jamii

Kifungu cha 118 cha Katiba kinayatambua mamlaka ya jadi, na agizo la Serikali la mwaka 2000 linaeleza jinsi ofisi za dola zinavyoshirikiana na viongozi wa jamii, wakiwemo machifu na makatibu wa vijiji na mitaa. Wanapatanisha, wanatoa ushuhuda kuhusu nani ni wa ukoo gani na shamba ni la nani, na wanafikisha ujumbe. Heshima yao ni kubwa na kazi yao inahitajika sana wakati huu wa watu kurejea. Lakini hawana mamlaka ya kumfunga mtu, kumfukuza mtu kijijini, au kumtoza fedha ili jina lake liingie kwenye orodha ya msaada.

Msaada wa kibinadamu ni bure. Yeyote anayekudai fedha, mazao au tendo la ngono ili akuandikishe anavunja sheria, awe ni chifu, mtumishi wa serikali au mfanyakazi wa shirika.

Je, vita vinaifuta Katiba?

Hapana. Tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na baada ya Palma kushambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wengi wamesikia maneno kama "wakati huu hakuna sheria". Maneno hayo si ya kweli.

Katiba inaruhusu baadhi ya haki zisimamishwe kwa muda pale tu inapotangazwa rasmi hali ya vita, ya kuzingirwa au ya dharura. Hali ya kuzingirwa au ya dharura inatangazwa na Rais, naye anapaswa kulipelekea Bunge tangazo hilo ndani ya saa 24 ili liridhie. Haizidi siku 30, na inaweza kuongezwa mara 3 tu. Tuliliona hilo wakati wa korona: Rais alitangaza hali ya dharura tarehe 30 Machi 2020, Bunge likaridhia kwa sheria ya tarehe 31 Machi, na ikaongezwa mara 3.

Hata chini ya tangazo la namna hiyo zipo haki zisizogusika: haki ya kuishi, ya kutoteswa mwili, ya uraia, ya mshtakiwa kujitetea, na uhuru wa dini. Mtu aliyekamatwa ni lazima afikishwe kwa hakimu ndani ya muda uliowekwa na sheria. Akishikiliwa kinyume cha sheria, familia inaweza kuomba mahakamani aachiliwe. Ombi hilo linaitwa habeas corpus, na Katiba inaitaka mahakama itoe uamuzi ndani ya siku 8.

Kama uko nje ya kijiji chako, au umevuka mpaka

*Umehama ndani ya Msumbiji.* Wewe si mkimbizi kwa maana ya kisheria. Wewe ni raia aliyelazimika kuhama, na haki zako zote za kikatiba umehama nazo. Unaweza kuishi popote nchini, kupiga kura ukiwa umeandikishwa, kutibiwa na kusomesha watoto. Kupotelewa na kitambulisho hakukuondolei uraia.

*Ulivukia Tanzania na umerudi.* Katiba inasema raia wa Msumbiji hawezi kufukuzwa nchini mwake. Mtoto wa baba au mama Mmsumbiji aliyezaliwa nje ana haki ya uraia, lakini ni lazima mzazi atamke rasmi, au yeye mwenyewe akishatimiza miaka 18. Usilikawize jambo hili. Nenda ofisi ya usajili wa raia ukiwa na karatasi yoyote ya kuzaliwa uliyonayo.

*Wewe ni mkimbizi kutoka nchi nyingine.* Kifungu cha 20 cha Katiba kinatoa hifadhi kwa wageni wanaoteswa kwa kupigania uhuru, demokrasia, amani au haki za binadamu, na sheria ya mwaka 1991 inaeleza utaratibu wa kuomba. Ofisi ya serikali inayohusika ni INAR. Mtoto wako akizaliwa Msumbiji, isipokuwa kama mzazi yupo hapa kuitumikia serikali ya nchi yake, Katiba inamhesabu kuwa Mmsumbiji. Hakikisha unamsajili.

Na ardhi?

Katiba inasema ardhi ni mali ya dola. Haiuzwi wala haiwekwi rehani. Wewe una haki ya kuitumia, na haki hiyo inaitwa DUAT. Katiba inailinda haki iliyopatikana kwa kurithi au kwa kukaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 inafafanua: jamii inayotumia ardhi kwa kufuata mila, na mtu aliyeitumia kwa nia njema kwa miaka 10 au zaidi, wana haki hata kama hawana karatasi. Ushuhuda wa mdomo wa watu wa jamii unakubalika. Kwa hiyo kama hati zako ziliungua, majirani na wazee wanaolijua shamba lako ndio ushahidi wako. Na dola ikihitaji ardhi yako kwa manufaa ya umma, Katiba inataka ulipwe fidia ya haki.

Uende mlango gani?

- *Mgogoro wa shamba na jirani:* anza kwa kiongozi wa jamii au mahakama ya jamii. Msipopatana, mahakama ya wilaya.
- *Ardhi imechukuliwa kwa ajili ya mradi:* andika kwa Administrador na ubaki na nakala, kisha tafuta msaada wa IPAJ.
- *Ndugu amekamatwa:* polisi, na papo hapo Ofisi ya Mwendesha Mashtaka. Akishikiliwa bila kufikishwa kwa hakimu, omba habeas corpus.
- *Umeporwa au umepigwa na mtu mwenye sare:* Ofisi ya Mwendesha Mashtaka. Unaweza pia kumwandikia Provedor de Justiça.
- *Ofisi inakuzungusha au inadai rushwa:* lalamika kwa maandishi kwa ofisi iliyo juu yake, kisha kwa Provedor.
- *Shule haina mwalimu, kituo cha afya hakina dawa:* ofisi husika ya wilaya, kisha gavana na wajumbe wa Baraza la Mkoa.
- *Jambo linaloigusa jamii nzima:* andikeni ombi la pamoja kwa wabunge wa Cabo Delgado.
- *Sheria yenyewe inavunja Katiba:* raia 2,000 kwa pamoja, Baraza la Katiba.

Ofisi nyingi kati ya hizi ziko mbali na Pundanhar, na barabara tunaijua. Kabla hujasafiri, andika jambo lako kwenye karatasi moja: nini kilitokea, lini, wapi, nani aliona, na unaomba nini. Kama huwezi kuandika Kireno, mwombe mwalimu au mfanyakazi wa ulinzi wa shirika lililo karibu nawe akusaidie. Huduma hiyo hailipiwi.

Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Kama makala hii imekusaidia, msomee na jirani yako asiyejua kusoma, kwa sababu haki zilizoandikwa humu ni zake pia.